Kabla hujamnunulia kompyuta mpya "rubani" wako wa nyumbani

Mzazi mwenye mtoto anayetaka kuwa rubani ataombwa kompyuta mapema tu. Ombi litakuja likiwa limefungwa kwenye karatasi ya masomo, lakini ukilifungua utakuta ndani yake ndege. Kwetu ombi lilikuja kwa sura nyingine kidogo: kompyuta tulikuwa nayo tayari, ila binti yangu wa kidato cha pili alitaka tuibadilishe.

Ni kompyuta ya mezani tuliyoinunua ikiwa imeshatumika, kwa ajili ya kazi za baba yake za kuandika na kupiga hesabu. Prosesa yake ni Core i5 ya miaka ya nyuma, RAM 4 GB, diski ya zamani ile inayozunguka, na haina kadi yake ya picha. Nadhani nyumba nyingi zenye kompyuta zina mashine ya namna hii.

Ndani yake binti aliweka FlightGear, programu ya kuigiza urubani isiyolipiwa, ambayo watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiitengeneza tangu miaka ya 1990. Ndege aliyoichagua ni Cessna 172, ile ndogo ya injini moja na viti vinne. Ilianza kuruka mwaka 1955, na hakuna aina nyingine ya ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko hiyo. Vijana wengi wanaosomea urubani huanzia humo.

Kuruka aliweza. Kutua ndiko kulikomshinda. Kila akikaribia chini ndege inadunda, inainuka tena, inalalia ubavu, mchezo umekwisha. Alihangaika hivyo wiki tatu. Jumapili moja akazima kompyuta, akaja jikoni akaniambia, "Mama, nadhani mimi si wa kazi hii. Mikono yangu mizito."

Neno hilo lilinigusa kuliko ombi la kompyuta. Mtoto wa miaka 14 alikuwa anafunga mlango ambao maisha hayajamfungia. Fundi wa mtaani alikwisha kutoa hukumu yake kwamba mashine yote ibadilishwe, na bei aliyotaja ingelipa ada ya muhula mzima. Baba yake naye alisema kama ni gemu tu, basi liachwe, watu walale.

Mimi ni muuguzi. Mgonjwa akifika hatuanzi na dawa, tunaanza na joto, mapigo na presha. Nikawaambia wote wawili kwamba huyu mgonjwa wa mezani naye apimwe kwanza, ndipo tuzungumze habari ya kununua.

Mapigo ya kompyuta

Picha inayotembea kwenye skrini kwa kweli ni picha nyingi zilizosimama, zinazobadilishwa haraka. Kila picha huitwa fremu. Idadi ya fremu kwa sekunde ndiyo mapigo ya moyo ya programu kama hii, na programu zote kubwa za kuigiza urubani zina mahali pa kuionyesha. Binti aliitafuta kwenye menyu ya mwonekano, ikatokea pembeni mwa skrini. Tukiwa juu ya bahari ilisoma 20 na kitu. Tukishuka kuelekea uwanja wa ndege, penye majengo na miti, ilianguka hadi 12.

Tukachukua kalamu. Cessna 172 inapokaribia kutua huenda kwa mwendo wa noti 65 hivi, yaani kama mita 33 kwa sekunde. Kwa fremu 12, ndege inasogea karibu mita tatu kati ya picha moja na inayofuata. Kwa fremu 30 ingesogea mita moja na kidogo tu. Kumbuka kwamba kitendo cha mwisho cha kutua, kile cha kuinua pua taratibu ili magurudumu yaguse kwa upole, hufanyika ndege ikiwa mita chache tu kutoka ardhini.

Kuna jambo jingine baya zaidi. Picha ikichelewa, mkono nao unadanganyika. Unavuta usukani, huoni kitu, unavuta zaidi. Mara picha inafika na ndege imekwisha inua pua kupita kiasi. Unasukuma, huoni kitu, unasukuma tena. Ndege inaanza kupanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Hata marubani wa kweli wanalijua tatizo hili, na hufundishwa kwamba mwendo huo wa kupepesuka unaweza kutokana na rubani na ndege kupishana wakati.

Binti aliangalia zile hesabu kwa muda. "Kwa hiyo mama, huenda siyo mimi?"

Nikamjibu kwamba hatujui bado. Kipimo hicho kimetuonyesha homa tu, bado hatujajua ugonjwa.

Kuburuta si sawa na kuganda

Mzazi mwenzangu, hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu husema "kompyuta ni nzito" kana kwamba uzito ni ugonjwa mmoja. Kuna kuburuta, pale picha zinapokuja polepole muda wote. Kuna kuganda, pale mambo yanapokwenda vizuri, kisha kila kitu kinasimama sekunde mbili tatu, halafu kinaendelea. Na kuna kuchoka, pale dakika kumi za kwanza zinapokuwa nzuri, kisha mwendo unaporomoka. Kila kimoja kina chanzo chake.

Kwa kuburuta, tulifanya jaribio dogo lisilo na gharama. Tulipunguza dirisha la programu mpaka likawa kama robo ya skrini, tukaangalia namba. Ilipanda kutoka 12 hadi 22. Maana yake ni kwamba sehemu inayochora picha ndiyo iliyokuwa inaelemewa, kwa sababu ilipopewa eneo dogo la kuchora ilipumua. Kama namba ingebaki pale pale, lawama ingekuwa kwa prosesa, na kubadilisha kadi ya picha kungekuwa kutupa pesa.

Kwa kuganda, tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. RAM ilikuwa karibu kujaa yote. Ikijaa, kompyuta huanza kutumia diski kama ghala la muda, na diski ya kuzunguka ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Taa ya diski ilikuwa inawakawaka kila ndege inapogandia angani. Orodha hiyo hiyo ilituonyesha programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka, nyingine hata hatujui nani aliziweka. Tulizizuia zisijiwashe, tukaacha kinga ya virusi na zile za lazima. Na tukakubaliana kwamba anayerusha ndege hafungui kurasa kumi za intaneti nyuma yake.

Kwa kuchoka, tulifungua ubavu wa kompyuta baada ya kuichomoa kwenye umeme. Vumbi lililokuwa kwenye feni lingetosha kupanda mchicha. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Tulisafisha kwa brashi laini na hewa, tukiwa tumeizuia feni kwa kidole isizunguke. Wenye kompyuta mpakato waangalie jambo moja zaidi: isiwekwe juu ya godoro au mto, kwa sababu matundu ya hewa yanaziba. Halafu ichomekwe kwenye umeme na mpangilio wa umeme uwe wa utendaji wa juu, maana ikitumia betri mara nyingi hujibana.

Onyo kwa wazazi: mtoto akianza kutafuta namna ya kuongeza kasi, atakutana na matangazo ya programu zinazoahidi kufanya kompyuta iruke kwa kubonyeza mara moja. Asizipakue. Nyingi ni mzigo mwingine, na nyingine hubeba virusi. Draiva ya kifaa cha picha ichukuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kifaa chenyewe.

Kuacha uzuri ili kupata ulaini

Hapa tulibishana. Binti alikuwa ameona video za Microsoft Flight Simulator iliyotoka mwaka 2020, ambamo miji inaonekana kama umepanda ndege kweli. Ni kazi ya kupendeza. Lakini watengenezaji wenyewe walipendekeza RAM ya 16 GB na nafasi ya GB 150 kwenye diski, na sehemu kubwa ya mandhari yake huvutwa kwa intaneti wakati unaruka. Kwa kompyuta yetu na kwa bando tunalonunua, hiyo ilikuwa sawa na kumpakia ng'ombe kwenye baiskeli.

Nilimwuliza anataka kuona ndege nzuri au anataka kutua. Akanyamaza. Kisha akaleta daftari.

Utaratibu tuliofuata ni wa kubadilisha kitu kimoja, kuruka dakika tano kwenye uwanja ule ule na hali ya hewa ile ile, kuandika namba, kisha kugusa kingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja hutajua kilichosaidia, sawa na mgonjwa aliyemeza dawa tano siku moja.

Vivuli vilikuwa vya kwanza kuondoka, na peke yake viliturudishia fremu nyingi kuliko kitu kingine. Vikafuata uakisi wa maji, msongamano wa miti na majengo, na ndege nyingine zinazoendeshwa na kompyuta. Mawingu mazito yalipunguzwa, kwa sababu kila wingu ni kazi ya kuchora. Umbali wa kuona tuliushusha kidogo. Pikseli za skrini nazo tulizipunguza hatua moja.

Kitu kimoja binti alikataa kukipunguza, na alikuwa na haki: uwazi wa saa na mishale kwenye dashibodi. Rubani asiyesoma mwendo wala kimo hajifunzi chochote, hata picha ikienda kwa fremu 60.

Mwisho tulifunga kikomo cha fremu 30. Inaonekana ajabu kujiwekea kikomo wakati unatafuta kasi, lakini mkono huzoea mwendo usiobadilika. Fremu 28 zinazokaa pale pale zinafaa kuliko 50 zinazoporomoka hadi 15 ukikaribia chini. Wanaotumia X-Plane wana sababu nyingine ya kujali jambo hili: fremu zikishuka chini ya 20 hivi, programu hiyo hupunguza hata mwendo wa saa yake ya ndani ili hesabu za kuruka zisiharibike, na mtoto hujikuta anarusha ndege katika dakika ndefu kuliko za kweli.

Tulichonunua

Tulinunua vitu viwili. Kwanza, kipande cha pili cha RAM cha 4 GB, kilichotumika, cha aina ile ile. Hakikisha aina kabla hujalipa, kwa sababu DDR3 na DDR4 haziingiliani. Kwa kompyuta isiyo na kadi yake ya picha, RAM ina faida mara mbili: sehemu ya kuchora picha huazima kumbukumbu kutoka humo humo, na vipande viwili vinavyofanana hupitisha data kwa njia mbili badala ya moja. Kule kuganda kuliisha karibu kote.

Pili, joistiki ya mitumba, kile kijiti cha kuongozea ndege. Kwa kibodi unasukuma usukani kwa hatua hatua, wakati kutua kunahitaji mkono unaoteleza. Lakini joistiki nayo ina adabu zake. Ilipofika ilikuwa inavuta ndege kushoto yenyewe. Tuliipima upya kwenye mipangilio, tukaiwekea eneo dogo la katikati lisilofanya kazi ili mtetemo wa mkono usihesabiwe, tukapunguza ukali wake karibu na katikati.

Diski ya SSD tumeiahirisha. Ingefanya programu ifunguke haraka na mandhari yapakiwe upesi, lakini haiongezi fremu kama wengi wanavyoambiwa dukani.

Vitu vingine havikuwa na bei. Tulinyanyua skrini kwa vitabu viwili ili shingo isiiname. Tuliandika vitufe kumi muhimu kwenye karatasi na kuibandika ukutani: nguvu ya injini, flapu, breki, kusimamisha mchezo. Tukajifunza pia kwamba si lazima kuruka safari nzima ili kujaribu kutua. FlightGear na X-Plane zote hukuruhusu kuanza ukiwa tayari angani, maili chache mbele ya uwanja, umeelekea njia ya kutulia. Mtoto anayetua mara nane kwa saa moja anajifunza zaidi ya anayezunguka mbuga saa nzima na kutua mara moja. Saa yenyewe tumeiwekea mpaka: mwisho wa wiki tu, kazi za shule zikiwa zimekwisha.

Mikono haikuwa mizito

Namba kwenye daftari zilitoka 12 zikafika 27 mpaka 30 kwenye uwanja ule ule. Kutua hakukuwa kwa muujiza. Siku ya kwanza ndege ilidunda mara tano. Tofauti ni kwamba sasa aliona alichokosea: "Nimeinua pua mapema." "Mwendo ulikuwa mkubwa." Kosa lilikuwa na jina, na kosa lenye jina linarekebishika. Jumamosi ya tatu magurudumu yaligusa, yakabaki chini. Aliita nyumba nzima. Baba yake alikuja na taulo begani, akatazama ndege iliyosimama katikati ya njia, akauliza, "Hiyo breki iko wapi?" Tangu hapo ana maswali kila wiki.

Niseme ukweli ambao kila mzazi anapaswa kumwambia mtoto wake. Saa hizi za nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi inataka umri wa miaka 17, na kwa kawaida angalau saa 40 za ndege ya kweli, pamoja na vipimo vya afya na mitihani. Gharama yake ni kubwa na hatujui tutaitoa wapi. Lakini kujifunza kwa mashine iliyokaa chini si jambo la kitoto. Mwaka 1929 huko Marekani Edwin Link, ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, alitumia mivukuto ya vinanda kutengeneza sanduku lenye mabawa mafupi linaloyumba kama ndege. Baadaye maelfu ya marubani walifundishwa humo. Na mpaka leo marubani wa ndege za abiria hurudi kwenye simuleta kila mara kufanyiwa mitihani.

Ninachokiona mimi nyumbani ni kidogo zaidi ya hapo, na kinanitosha kwa sasa. Hesabu za mwendo, muda na umbali ambazo alikuwa anazikimbia anazifanya kwa hiari. Mtihani wa fizikia ulipomwendea vibaya muhula huu, hakusema yeye si wa fizikia. Alikaa na karatasi, akagawanya maswali aliyokosa: haya sikusoma, haya niliharakisha, haya sikuelewa mwalimu alipofundisha. Ile tabia ya daftari imehamia huko.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, mtoto akikwambia kompyuta haifai, usikimbilie dukani na usikimbilie kumfokea. Kaa naye jioni mbili. Pimeni fremu, safisheni vumbi, punguzeni vivuli, angalieni RAM. Huenda mwisho wake mkakuta mashine kweli imezeeka, na mtajua hasa kipi kinunuliwe. Huenda mkakuta haijazeeka. Kwa vyovyote, atakuwa amejua kutofautisha kati ya kushindwa kwake na kushindwa kwa chombo alichopewa, na watu wazima wengi hatukuwahi kufundishwa hilo.

Jumamosi hii amenipa ratiba iliyoandikwa kwa mkono. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi uwanja wa Abeid Amani Karume, Zanzibar: maili 39 za angani, karibu kaskazini moja kwa moja, dakika 21 kwa mwendo wa noti 110. Hali ya hewa ameandika "mawingu machache, kwa ajili ya fremu". Jina langu liko kwenye safu ya abiria. La baba yake liko chini yangu, na mbele yake pameandikwa: breki.